Vijiti Nilivyovisimika Uyole

Ninakiri aibu yangu kwa hiari, maana kule Mwanjelwa inasimuliwa kwamba nilimwaga bakuli la mchuzi ugenini nikakimbia bila viatu, nami niliyetunza majalada ya serikali hadi siku ya kustaafu siwezi kuacha kumbukumbu potofu kiasi hicho ikizagaa sokoni (sikukimbia, na mchuzi haukuwepo).

Mpwa wangu Ambokile alitaka kumwoa Yuki, binti wa Kijapani, mtaalamu wa mbegu za viazi hapa Uyole. Mama yake Yuki alipowasili kutoka kwao nikatumwa mimi kuwa mshenga, nikaenda na Ambokile nyumbani kwa Yuki, nikiwa na suti, daftari na hotuba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, mvuke wa wali ukapanda kuulaki, mama yule akatuandalia kimya kimya kama mtu atembeaye ndotoni, nami nikajihisi ninaelea, nikasahau hata ubaridi wa sakafu chini ya soksi zangu.

Kabla sijala nikainuka kutoa posa. Vijiti vya kulia niviweke wapi? Kwetu mkulima anayetoka shambani mara moja husimika jembe lake kwenye tuta, ili apitaye ajue mwenyewe anarudi; basi nikavisimika vijiti katikati ya wali, wima kabisa, nikaanza kusema.

Mama akaziba kinywa kwa mkono, machozi yakamtoka. Nikadhani ni hotuba (ilikuwa hotuba nzuri, hilo nalo liandikwe), nikairefusha.

"Mjomba, vijiti!" Ambokile akaninong'oneza huku akinivuta koti.

"Nitakula, kijana. Acha pupa."

"Vitoe, mjomba!"

Nilipovitazama nikaona kimoja kimeanza kuinama, nikavikandamiza zaidi.

Ndipo Yuki akasema kwa upole, "Samahani, mjomba. Kwetu wali husimikwa vijiti namna hiyo mbele ya marehemu. Baba yangu alifariki mwaka jana."

Nikaketi. Miaka yote ile ya itifaki, halafu nimekuja kuposa nikaandaa matanga mezani! "Ndaga, mama, ndaga," nikasema, maana Kiswahili kilinikimbia na Kinyakyusa pekee ndicho kilichobaki cha kuombea radhi.

Mama akalinyanyua bakuli langu kwa mikono miwili, akaliweka dirishani, kwenye ukungu, akainama mbele yake kwa muda mrefu. Kisha akazungumza, Yuki akatafsiri: "Mama anasema alikuwa hajamjulisha baba habari za Ambokile, alikosa pa kuanzia. Sasa amemjulisha. Anasema hakumsikia akipinga."

Kwa hiyo kumbukumbu sahihi ni hii, nami nimeiandika kwa wino: posa imepokelewa, mshenga alirudi na njaa, kwa kuwa wali wake aliula mkwe asiyeonekana. Vijiti sitavishika tena maishani. Na tangu siku ile, hata shambani kwangu, jembe ninalilaza chini. Majirani wanaona nimechoka kulima, na mimi nawaacha waone hivyo.