Mfupa wa Mama wa Kulainishia Vyungu

Harufu ya udongo mbichi hunirudisha uani kwetu, karibu na Kalembe, enzi za Wabelgiji, na hunirudisha na hasira. Mnisamehe. Nimezeeka, hasira haijazeeka.

Mama yangu, Feliciana, alikuwa mfinyanzi. Siku moja akichimba udongo kijitoni alipata mfupa mrefu uliogeuka jiwe, mweusi, laini kama shavu la mtoto. Akaufanya wa kulainishia vyungu kabla ya kuvichoma. Kwetu kifaa hicho hakiazimwi hata kwa dada wa tumbo moja. Mama humwachia binti yake. Nilikuwa na miaka minane, binti wa pekee, na nilishajiona mwenye mali.

Ndipo akaja Mzungu mmoja, mtafuta mawe, pamoja na kapita wake, msimamizi wa vibarua aliyemtafsiria. Aliuona mfupa mkononi mwa Mama, macho yakamtoka.

"Mama, Muzungu anasema hii iko mufupa ya ndege ya zamani sana," kapita akasema. "Anaibeba."

"Papa, umuambie hii njo kazi yangu. Nitafinyanga na nini?"

Mzungu hakungoja kutafsiriwa. Alivuta, Mama akavuta, mfupa ukakatika. Akaondoka na kipande kirefu, akatuachia pakiti ya chumvi. Ncha ilibaki ndani ya ngumi ya Mama, naye hakuifungua mpaka walipopotelea kilimani.

Sasa niwaambie aibu yangu: mimi nilishangilia. Chumvi! Nililamba viganja mpaka ulimi ukawaka, nikamuuliza Mama kwa nini yeye haonji. Msimu ule wote alilainisha vyungu kwa ile ncha ndogo, vidole vikachubuka hadi damu.

Majuzi mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo, alinisomea kitabu cha Kifaransa kuhusu mifupa ya kale. Kinasema ndege huyo anajulikana kwa kipande kimoja tu cha mfupa, kilichookotwa na Mzungu kwenye kijito chetu. Kilichookotwa! Eti ncha yake haikupatikana.

"Koko," akaniita mimi bibi yake, "njo ile ncha yako! Tuwapelekee?"

Haikupatikana na nani? Nani alikuja kuuliza?

"Waandike kwanza jina ya mama yangu," nikamwambia.

Ncha ninayo. Imelika, imebaki kama kidole gumba, na kila asubuhi nalainishia vyungu. Wakichelewa kuandika Feliciana, watakuta ndege wao amekwisha.