Kinyama cha Bwana Pasi

Bwana Pasi ni fundi wa suruali, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mtu gani anakwenda kutupa takataka na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama? Ni yeye.

Mwaka juzi alitolewa uvimbe pajani. Akaambiwa umetoka wote, rudi nyumbani kwa amani. Nyumbani alirudi, amani ndiyo hakuipata. Paja likimuuma kidogo tu, anajiona maiti. Sasa siku moja simu ikalia, ni muuguzi wa hospitali ile ile.

"Mzee, daktari anaomba uje na mwenzio. Ni kuhusu zile seli za uvimbe wako. Bado ziko hai."

Mtu mwingine angeuliza, ziko hai wapi? Yeye alisema ahsante kwa adabu zote, akakata simu.

Kuna watu wangelala wakalia. Bwana Pasi aliogopa aibu moja: kufa na vitambaa vya watu mkononi. Jamani, alivikunja vyote ambavyo havijaguswa na mkasi, akaanza kuvirudisha nyumba hadi nyumba.

"Mwalimu, tafuta fundi mwingine."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Naondoka."

"Unahamia wapi?"

Bwana Pasi akatazama juu. Mwalimu naye akatazama juu, akaona dari tu.

Mkewe alipata habari kwa majirani waliokuja kumpa pole. Looh! Alimfuata mumewe mtaani, akamkuta na furushi begani.

"Yaani mimi napewa pole, na marehemu mwenyewe anazurura! Hizo seli ziko hai wapi? Uliuliza?"

Bwana Pasi akahamishia furushi bega la pili.

"Haya, twende. Tena sasa hivi."

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Hata hakuwahi kuwakaribisha viti.

"Daktari, usinifiche," Bwana Pasi alisema. "Umerudi?"

"Nini kimerudi?"

"Uvimbe."

Daktari akawatazama wote wawili. "Nani kasema umerudi? Wewe ni mzima, baba. Vipimo vyako vya juzi ni safi kabisa. Seli zilizo hai ziko kwenye chupa, maabara, hapo chini."

Bwana Pasi alilia. Wala si kile kilio cha kujikaza cha wanaume. Alilia kwa sauti, kamasi na yote. Mkewe alimpiga kofi la bega, kisha akamkumbatia palepale.

Walipotulia, daktari akawaeleza. Uvimbe ulipotolewa, watu wa maabara walichukua kipande wakakilea. Seli nyingi hufa upesi, zake zikagoma kufa, zikawa zinazaliana. Wanazijaribia dawa za ugonjwa ule ule.

"Lakini hakuna aliyekuomba ruhusa," daktari alisema. "Hilo ni kosa letu. Nimekuita nikuambie, na nikuombe. Ukikataa, tunaziteketeza."

Furaha ya Bwana Pasi ikaingia doa. "Muda wote huo mmekaa na nyama yangu? Nakuja kliniki, mnanichekea, mnaniuliza habari za watoto, na nyama yangu iko hapo chini?"

"Ndiyo. Tusamehe."

Alikuwa na mengine ya kusema, lakini utamgombeza vipi mtu aliyekwisha kukubali kosa? Akaomba azione.

Wakashuka. Akainama kwenye hadubini, akaona vitu vidogo vimebanana, vingine vinajigawa.

"Hivi ndivyo vilivyotaka kuniua?"

"Ndivyo."

"Na vinanijua?"

"Havikujui, baba."

Hilo nalo lilimuudhi.

"Hebu nipishe," mkewe akasema. "Nimwone huyu mke mwenza aliyeninyima usingizi." Akachungulia, akasonya. Kisha akamgeukia mumewe. "Wakubalie tu, zikawasaidie wengine."

"Usinisemee, mama watoto. Safari hii nimeulizwa mimi."

"Na ukisema hapana, hakuna atakayekununia," daktari akasema. "Matibabu yako yako palepale."

"Na nisiposema chochote leo?"

"Hatuzigusi mpaka useme. Zitakaa kwenye barafu, zitakungoja."

Bwana Pasi akainyoosha suruali yake kwa viganja, taratibu, mguu mmoja na wa pili. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu simu ile, ukafunguka.

"Basi nitafikiri," akasema. "Mwezi huu, mwezi ujao, hata mwakani. Muda ninao."

Mkewe akamshika mkono. "Hebu sema tena."

"Muda ninao," akasema.