Kidonge cha Saa Kumi na Mbili

Akiror alikuwa na mkono wa kusaga dawa, na Chakol nzima ilijua. Miaka kumi na minne alikuwa msaidizi pale zahanati, watu wakimwita Sista ingawa cheti cha uuguzi hakuwahi kukitia machoni. Huku kwetu unamkuta mwanamume mzima, baba wa watoto saba, kidonge kimemshinda kumeza. Atakizungusha mdomoni weee, mwishowe akiteme nyuma ya mlango. Basi Akiror alikuwa na kinu chake kidogo. Alisaga, akachanganya na uji wa wimbi, mgonjwa akanywa, akaenda zake. Hakuna daktari aliyewahi kumkataza.

Mumewe, Omoding, alikuwa dereva wa lori na mgonjwa wa pumu. Mwaka wa sabini na saba, lile vumbi la foleni ya malori mpakani Malaba lilimbana mpaka akawa hapati usingizi. Daktari mmoja wa Nairobi akampa vidonge vya aina mpya: viwili asubuhi, viwili jioni. Omoding alivitazama akasema hivyo ni vifungo vya koti. Akiror akacheka, maskini, akachukua kinu.

Asubuhi hiyo Omoding hakuweza kumaliza neno bila kuvuta hewa. Akanywa uji wake, na muda si muda kifua kikafunguka. Akiror akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha moyo wa mume ukaanza kwenda mbio. Akatapika, akatetemeka, mwili ukamkakamaa. Walimpakia kwenye pikapu ya jirani, lakini hospitali hakuiona.

Akiror hakulia. Wengine walinong'ona, na waache wanong'one. Hakusikia uchungu, hakusikia njaa, hakusikia chochote. Alipokea wageni, akawaonyesha pa kukaa.

Siku ya pili akaja Paulinus, daktari aliyezungukia zahanati zetu. Alitoa pole, akaomba kuona dawa. Kidonge kimoja akakitumbukiza kwenye glasi ya maji, wakakaa kukitazama. Kikavimba taratibu, nje kikawa ute unaoteleza kama mlenda, ndani kikabaki kigumu. Alieleza kwamba ule ute ndio unaoishika dawa na kuiachilia kidogo kidogo, kwa saa kumi na mbili.

"Kikisagwa, dawa yote inaingia mara moja," alisema. "Alikuwa anavimeza vizima?"

"Nilivisaga."

 Paulinus akasema cheti cha kifo kimeandikwa pumu, na kibaki hivyo. Akaondoka. Akiror alibaki na glasi mpaka ng'ombe wakarudi, na kidonge kilikuwa bado hakijaisha.

Kesho yake walimzika Omoding. Mama mkwe, mzee Amuron, alisimama mbele ya waombolezaji, akamshika mkono. Aliwaambia kwamba mwanawe alihangaishwa na vidonge tangu utotoni, na huyu mke ndiye aliyemrahisishia hata siku ya mwisho. Asithubutu mtu kumsema.

"Asante, mwanangu, kwa kumsagia," alisema.

"Mama," Akiror akajibu, mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya kuonyesha wageni viti, "kusaga ndiko kulikomuua."

Amuron akamkumbatia, akamwambia anyamaze. Wanawake wakasema kumbe majonzi yalikuwa yamemjaa hivi, heri yametoka. Wakamshika mabega, wakamkalisha.