Fundi Rangi na Kipimo cha Mifupa

Mume wangu ni fundi rangi, na ni mkaidi. Naanza na hilo msije mkadhani nimeolewa na malaika. Miaka thelathini amepaka kuta za watu, kutwa yuko juu ya ngazi, anapiga mluzi.

Alipogundulika kuwa na saratani ya tezi dume hakulia. Alilia siku daktari alipomwambia, "Sindano hizi unazochomwa zinaizuia saratani, ila zinadhoofisha mifupa. Tumekupima, yako imeshaanza kulegea. Ukianguka, nyonga itavunjika. Kwa sasa hakuna kupanda ngazi."

Fundi rangi bila ngazi!

Tukapewa vidonge vya kalsiamu na maelekezo ya chakula. Sasa huyu bwana maziwa hanywi, anasema ni ya ndama, na dagaa huwa anawatoa vichwa kama mtoto mdogo. Asubuhi ya kwanza akabugia vidonge vya siku nzima, akashushia na bakuli zima la mtindi, pua ameibana. "Kazi ya kero naimaliza mapema," akasema. Tumbo likamfunga siku tatu. Nilicheka, halafu nikaona haya kucheka.

Muuguzi wa kliniki, mama mmoja asiye na haraka, hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Baba, ukuta unaupaka rangi nzito, mara moja basi?"

"Thubutu! Itachuruzika, itabanduka. Unapiga mkono wa kwanza mwepesi, unasubiri ukauke, ndiyo unapiga wa pili."

"Basi na mwili haupokei kalsiamu nyingi kwa mpigo. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, pamoja na chakula."

Akakuna kidevu. Tangu siku hiyo sikumkumbusha tena. Asubuhi kikombe cha mtindi. Mchana dagaa, vichwa na miiba yao yote, anatafuna amefumba macho, na mboga za majani pembeni. Jioni maharage na yai. Uchovu ukimzidi, anakula nusu sahani, anajilaza, anairudia. Sigara nayo akaiacha, na hapo nilimvulia kofia, maana mimi nilishapiga kelele miaka kumi nikachoka.

Na kazini alikwenda, kwa miguu, kwa sababu daktari alisema mifupa inataka kutembezwa. Alipaka pale mkono unapofika, huko juu akamwachia mwenzake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Wapo waliomcheka. Yeye akainama, akapaka. Nilimpenda upya, jamani, na uzee huu.

Mwaka ulipoisha akapimwa tena. Daktari akalinganisha karatasi mbili, ya zamani na mpya, sisi tumekaa roho juu.

"Mzee, mifupa yako haijalegea zaidi hata kidogo. Chakula, vidonge na hiyo miguu yako vimeishikilia."

Fundi hakungoja. "Na ngazi?"

Daktari akacheka. "Ile fupi. Na mtu aishike."

Mtu huyo ni nani kama si mimi? Kesho yake nikaenda naye kazini, nikaikamata ngazi kwa mikono miwili. Akapanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, akachovya brashi, akaanza kupaka taratibu.

Mara akasema bila kugeuka, "Mama watoto, mbona unaitikisa?"

Nilikuwa nalia.