Koko, Baba na Dubu wa Barafu

Juzi nilikuwa Matonge, mtaa wa Waafrika huku Ubelgiji, kwenye duka moja karibu na Porte de Namur, natafuta ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Juu ya kaunta kuna televisheni, na kwenye televisheni dubu wa barafu anatembea peke yake thelujini. Papa mmoja, mzee wa kwetu aliyekumbatia mfuko wa unga, akasema wanaowawinda wale wanyama wafungwe wote. Nikacheka peke yangu kama chizi. Angekuwepo koko wangu, papa yule angebishiwa mpaka achelewe kufika nyumbani.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake mama. Alitoka Kivu akaja kuishi nasi mtaa wa Jette nilipokuwa mtoto, ghorofa ya tatu, tramu ikipiga kengele chini ya dirisha. Baba alikuwa muuguzi kwenye hospitali kubwa ya huko, na Jumapili isiyo na zamu alikuwa na ibada mbili: misa, halafu filamu za wanyama. Dubu wa barafu aliwapenda kuliko wote. Sijui kwa nini, maana mtu mwenyewe alikuwa anavaa koti hata mwezi wa saba, kwenye joto la huku.

Sasa nisikilize vizuri, rafiki yangu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wana heshima yao. Hawaongei ovyo uso kwa uso, sembuse kubishana. Lakini sisi tulikuwa na sebule moja, jiko likiwa konani humo humo, televisheni moja, na watu wawili wasiojua kunyamaza. Mama angefaa kuwa kati, ila Jumapili alikuwa saluni Matonge akisuka watu, na hata akiwepo alisema yeye si posta. Basi kazi ikawa yangu. Nilikaa kwenye kigoda katikati yao, sinia la ndakala mapajani, nanyofoa vichwa vya samaki na kupeleka maneno.

"Ambia koko yako kama hao dubu bamebakia kidogo," baba alisema, macho kwenye televisheni. "Barafu inayeyuka, na batu bado banabapiga risasi. Bon, bakataze yote!"

Koko alikuwa pale pale, anakoroga sombe, kisamvu chetu. Alikuwa amesikia kila neno, ila alisubiri nigeuke nimwambie yote tena, tangu mwanzo mpaka hiyo bon ya Kifaransa. Hapo ndipo alijibu: "Ambia papa yako: na batu ba kule, banakula nini? Banalima mihogo ku barafu?"

Usidhani koko alitetea kila bunduki. Matajiri wanaopanda ndege kwenda kuua dubu ili watundike kichwa ukutani aliwaita wapuuzi, na hapo yeye na baba walikubaliana, kupitia kwangu. Lakini wenyeji waliokula nyama ile, wakavaa ngozi yake, wakapewa idadi yao ya dubu wa kuwinda kwa mwaka na kuiheshimu, hao aliwatetea kama ndugu wa tumbo moja. Baba alisema leo idadi, kesho biashara. Koko akasema waliokaa na dubu tangu mababu ndio waulizwe kwanza. Mimi nilikuwa nafurahi, acha tu! Nyumba inanukia mawese, vioo vya dirisha vina ukungu wa mvuke, na bila mimi hakuna mjadala.

Mpaka Jumapili moja, filamu ikaonyesha dubu jike ameuawa na watoto wake wanamzunguka, wanamnusa. Baba akasimama. Akanisahau mimi, akasahau heshima, akamtazama koko usoni kabisa.

"Maman, mwenye kuua nyama yenye serikali imekataza ni jangili! Mwizi tu! Point final!"

Koko akazima moto, sombe haijaiva. Akanigeukia mimi, si yeye. "Ambia papa yako: baba yangu naye, serikali ilimukatazaka."

Nikayapeleka maneno yale, sijui nimebeba nini. Baba akakaa chini polepole.

Baadaye mama alinieleza. Msitu ambao ukoo wa koko uliwinda tangu zamani uligeuzwa hifadhi, watu wakatolewa. Baba yake koko akarudi humo kutafuta swala wa kulisha watoto, akakamatwa, akafungwa. Alipotoka hakushika mkuki tena, na kijijini walimwita jangili mpaka siku ya kumzika. Koko alilivumilia neno hilo kwa majirani. Kulisikia ndani ya nyumba ya binti yake, mbele ya mjukuu, hilo lilimshinda. Kesho yake akaanza kukunja vitenge na kuvipanga kwenye begi. Jumamosi angehamia mji wa Liège, kwa mama mdogo.

Nililia mpaka kichwa kikauma. Koko ndiye aliyenipokea shuleni, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Baba akaleta maua. Koko akayatia maji, akashukuru kupitia kwangu, akaendelea kukunja. Mama akamwambia baba, "We umekuwa Mubelgiji kabisa! Unakosea mama mukwe, alors unamuletea majani?" Kisha akamvuta kando, wakaongea kwa muda mrefu.

Jumamosi mama mdogo alikwishapiga simu kuuliza treni ya saa ngapi, baba akaingia na furushi la karatasi linalovuja damu. Hakusogea. Alisimama mlangoni, macho chini, akaniita na kunikabidhi. Ulikuwa mguu wa nyuma wa mbuzi, mzima, mzito kweli.

"Ambia koko," akasema taratibu, "kama muwindaji akipata nyama, mguu unaendaka kwa mama mukwe. Baba yake alikuwa muwindaji. Alifanyaka vile. Na miye nafanya vile."

Mama ndiye aliyemfundisha. Alimweleza pia kwamba koko mwenyewe, akiwa na umri wangu, ndiye aliyetumwa na baba yake kupeleka mguu kama huo kwa bibi yake mzaa mama, umefungwa kwa majani ya mgomba.

Nikafungua mdomo nianze kazi yangu. Koko akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa anamtazama baba moja kwa moja, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Nimesikia," akasema. "Lakini mutoto yangu, mguu mukubwa hivi, utaingia mu sufuria gani?"

Tukacheka wote, hata mama aliyekuwa amesimama na koti tayari kwa safari ya stesheni. Begi likarudi juu ya kabati. Juu ya dubu hawakukubaliana mpaka mwisho. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye kigoda changu tena, na baba aliangalia televisheni kwa adabu kuliko padri.

Koko amelala makaburini Jette sasa, na baba ana mvi. Kwangu, mtaa wa Uccle, mume wangu na mama yangu wanabishana ana kwa ana, na wakiagana wanatumiana ujumbe wa sauti. Siwalaumu, wanapendana. Ila zamani zile, neno likipita kwa mtoto lilipata muda wa kupoa, na aliyelisema alilisikia mara ya pili kwa sauti ndogo. Mwanangu hukaa kwenye kochi katikati yao, na hakuna anayemtuma neno.