Sauti Iliyohamia kwa Jirani

Nyinyi vijana mnaotucheka wazee kwa mambo ya mashine, someni haya mcheke vizuri.

Juzi mwanangu aliye Maskati alinipigia kwenye laptopu ya mjukuu wangu Saumu. Midomo namwona aichezesha, sauti hakuna. Nikabonyeza kitufe cha kuongeza sauti hadi mwisho, nikaipiga kofi ubavuni. Kimya. Nikamwita Saumu.

Mtoto yule, mashallah, hakupapasa ovyo kama mimi. Alikitazama kioo kwa utulivu, akauliza, "Bibi, spika yetu iko wapi?"

"Nimemwazima jirani, Bi Rukia, hapo nyuma ya ukuta. Leo binti yake anaposwa, walitaka kaswida."

"Basi laptopu imejiunga nayo bila waya. Sauti haijapotea, bibi. Inatokea kwa wageni."

Mwanangu naye alikuwa akinisikia. Vigelegele kwa jirani vikakatika, na sauti ya mwanangu, niliyoipandisha mwenyewe, ikaingia dirishani kwetu: "Mama, anaposwa yule uliyesema hajui hata kuchemsha chai?"

Saumu akaizima kwa kidole kimoja. Mimi nikavaa buibui, nikawaamrisha watu wangu wote wa nyumbani: "Tokeni. Twende tukamtake radhi msichana mbele ya wakwe zake. Nitasema mimi, na chai atakayotupa mtainywa yote."