Anatupa Nyuma

Binti yangu alirudi kutoka kwa mama yangu kule Magwagwa, akiwa na ujuzi mpya: kila alichoshika alikirusha nyuma ya bega bila kugeuka. Kijiko, mkate, hata simu ya baba yake. Hakuwa ameanza kusema, kwa hiyo nani angenieleza? Nilimgombeza mpaka koo likanikauka. Jirani akasema ni kiburi. Mume wangu akacheka, nikamgombeza naye pia.

Jumapili moja nikamkuta nyuma ya duka letu hapa Masimba, amesimama kwenye sukuma wiki yangu. Alikuwa anachuna vile vijani vichanga vya juu tu, kwa mikono miwili, na kuvirusha nyuma ya bega. Hivyo ndivyo mama huchuna majani chai, kikapu kikiwa mgongoni. Mtoto alikosa kikapu tu.

Mimi niliyakimbia majani chai hayo, nikaapa mtoto wangu hatayagusa. Basi sielewi kwa nini niliingia jikoni, nikatoka na beseni, nikasimama nyuma yake kukinga. Akageuka, akachungulia ndani, akatamka neno lake la kwanza:

“Bado.”